Mwache Apepese Macho, Mdogo Wangu

Leo umemwambia "acha" mara ngapi, mdogo wangu? Alfajiri ukimvalisha sare ya shule ulimwambia. Akinywa chai ulimwambia tena. Kituoni mkisubiri daladala ukamvuta mkono na kumnong'oneza kwa ukali, maana mama mmoja mwenye kapu alikuwa anamtazama. Jioni amerudi, umemsimamisha mbele yako, umemkazia macho, na alipopepesa ukapandisha sauti hadi wapangaji wenzio wakatoka uani. Kisha usiku, nyumba imetulia, ukalia peke yako ukijiuliza mwanangu amepatwa na nini.

Sogea hapa tuzungumze, mimi na wewe. Kwa kuogopa sikulaumu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mtoto akianza kufanya kitu ambacho juzi hakukifanya, mama gani atalala? Nitakugombeza kwa hilo neno "acha" tu. Ndilo linalomharibia mwanao siku, na wewe mwenyewe ni shahidi kwamba tangu uanze kulisema halijamtuliza hata mara moja.

Mnaoniuliza jambo hili, kuanzia Chamazi na Mbagala hadi Tegeta na Bunju, habari yenu huwa inafanana. Mtoto ana miaka mitano, sita, saba. Ameanza darasa la kwanza karibuni, au mmehama nyumba, au amepata mdogo wake. Siku moja unamwona anapepesa macho haraka haraka. Unasema ni vumbi. Wiki zinapita, macho yanatulia, unamshukuru Mungu, na kabla hujamaliza kushukuru unaona anakunja pua, au bega linaruka, au shingo inajipinda upande. Mwingine anaanza kuguna kooni mchana kutwa, hm, hm, hata akiwa anakula. Kila kimoja kikija unakiona ni ugonjwa mpya, na unaanza safari mpya: duka la dawa leo, kwa shangazi kesho, kesho kutwa kwa mtu uliyeelekezwa na jirani.

Hospitali hali hiyo huitwa tiki. Ubongo unatuma msukumo wa ghafla, msuli unacheza au koo linatoa sauti, na mtoto hakupanga. Tiki haina homa, haiambukizi, haimpunguzii mtoto akili. Na si ya mwanao peke yake. Wataalamu wa watoto hukadiria kwamba hata mtoto mmoja kati ya watano huweza kuipitia kwa kipindi fulani. Wavulana huipata zaidi ya wasichana. Kwa wengi huja, huondoka, hurudi kwa sura nyingine, na mwaka hauishi kabla haijapotea yenyewe. Ukiona imehama kutoka machoni kwenda begani, usidhani ugonjwa unapanda. Kuhamahama ndiyo kawaida yake. Mara nyingi pia hukaa katika ukoo. Ukiuliza vizuri kwenu, au kwa akina shemeji, huenda ukasikia kuna mjomba aliyekuwa akirusha bega enzi za utoto wake. Ila usiende kuuliza kwa ugomvi, "haya yametoka kwenu." Mtoto ni wenu wote wawili.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo wengi mnapopotea. Umewahi kubanwa na chafya msibani, watu wamekaa kimya wanasoma dua? Unaizuia, machozi yanakutoka, unaishinda kidogo, halafu inatoka kwa nguvu kuliko ambavyo ingetoka mwanzo. Mwanao anaishi na kitu cha namna hiyo tangu anaamka hadi anapolala. Watoto waliokua kidogo, wa miaka tisa au kumi, husimulia wenyewe kwamba huhisi kuwashwa au kukazwa mahali fulani, na wakishafanya ule mchezo wanapata nafuu ya muda mfupi. Wa miaka sita hana maneno ya kukueleza hivyo. Ukimuuliza "kwa nini unafanya?" atakujibu "sijui", na wewe utaona anakujibu jeuri. Ni kweli hajui.

Kuzuia kwa muda anaweza, na uwezo huo mdogo ndio unaomponza. Unakwenda shule kuuliza, mwalimu anakwambia darasani ametulia. Unarudi nyumbani, hajavua hata viatu, macho na mabega vinaanza kwa fujo. Unahitimisha: kumbe anaweza kuacha, ananifanyia mimi kusudi. Hapana, mama. Amejizuia tangu asubuhi mbele ya wenzake mpaka amechoka, na amefika kwako ili apumue. Akikuta na kwako kuna "acha", atakwenda kupumulia wapi?

Tena ile hali ya kumchunga inaichochea tiki. Hofu huizidisha, uchovu huizidisha, hata furaha kubwa huizidisha. Ndiyo maana siku ya sikukuu, na nguo mpya na pilau, unaona amezidi. Ukiitaja tu mbele yake inaamka. Mtoto akizama katika jambo analolipenda, kuchora, kucheza mpira, kusikiliza hadithi, hupungua. Akilala usingizi mzito karibu yote hutoweka. Jaribu siku moja kumtazama kwa siri akiwa na wenzake kwenye mchanga, wala hajui kama upo. Utashangaa mwili ulivyotulia.

Nataka uelewe anachojifunza mtoto katika zile "acha" zako. Hajifunzi kuacha, maana hawezi. Anajifunza kwamba uso wake una kasoro, na kwamba mama anapomtazama anatafuta kasoro hiyo. Taratibu ataanza kuinamisha kichwa wageni wakija. Utamtuma dukani atasema amechoka. Ataomba kukaa nyuma ya mlango wakati wenzake wanacheza rede. Macho yatakuja kutulia, lakini ile aibu haijui njia ya kutoka. Wapo watu wazima katika mji huu ambao tiki iliwaacha zamani, na bado wakizungumza na mtu wanajifunika mdomo kwa mkono. Hilo ndilo ninalokuogopeshea kuliko kupepesa kwenyewe.

Najua hauko peke yako katika kumkataza. Yupo shemeji yangu, baba yake, anayesema unamdekeza, mtoto wa kiume anakunjwa mapema. Atakutolea na methali: samaki mkunje angali mbichi. Yupo jirani atakayeongeza kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hizo ni za wakubwa wetu na zina haki yake, ila zilisemwa kwa tabia. Mtoto mdokozi, mtoto mwenye matusi, huyo mkunje. Hii si tabia, na fimbo haifiki kwenye ubongo kwenda kuzuia msukumo. Inachofikisha ni hofu, na hofu tumeshasema inafanya nini. Mweleze shemeji hivyo usiku mkiwa wawili, kwa upole, usimweleze mbele ya watoto wala mbele ya mama yake. Wanaume wengi wakiona mtoto wao hivi wanaogopa kuliko sisi, ila hofu yao hutoka kwa sura ya ukali.

Halafu yupo mama mkwe, amekuja kutoka Tanga au Lindi, amemwangalia mjukuu siku mbili, amekwambia kwa sauti ya chini: huyu kachezewa. Au: hili ni jicho la watu. Usimvunjie heshima. Dua ni dua, mwanao akisomewa na babu yake au akaombewa kanisani hakuna ubaya, na wewe mwenyewe utapata utulivu. Ubaya unaanza pale mtoto anapokalishwa katikati ya watu wazima wakajadili mbele yake kwamba ana shetani. Yeye anayaamini yote. Mtoto wa miaka sita aliyeambiwa kuna kitu kimemwingia hatalala tena peke yake, na usingizi ukipotea tiki inapata nguvu. Na mtu yeyote atakayekwambia umfukize moshi, umchanje kwa wembe, au umnyweshe kitu usichokijua, hapo useme hapana, hata kama ni mkubwa wako. Sema kwa adabu, lakini sema.

Lipo moja ambalo huku kwetu Pwani lazima nilitaje kwa jina, kimeo. Mtoto anayeguna au kukohoa kohoa bila kuumwa, lazima atatokea mtu wa kusema kimeo chake ni kirefu, kikatwe, kuna fundi hodari mtaa wa pili. Mdogo wangu, nakusihi. Watoto hutokwa damu nyingi kwa jambo hilo, wengine hupata maambukizi, wengine pepopunda, kwa sababu kisu kile kimeingia vinywa vingapi hujui. Na kule kuguna kutabaki palepale, maana hakukutoka kwenye kimeo. Vivyo hivyo acha kumpa amoksilini kila mwezi kwa "kikohozi" kisicho na homa, kisicho na makohozi, kinachokoma akilala. Dawa ya minyoo mpe kwa ratiba yake, ni afya, ila usitarajie imtulize bega. Na Piriton ya kumlaza ili apumzike, rudisha kabatini.

Tuje shuleni, maana huko ndiko ninakokuombea uende wiki hii. Darasa lina watoto wengi mno kwa mwalimu mmoja. Anaandika ubaoni, anageuka, anaona mtoto mmoja anamkonyeza. Anageuka tena, anakonyezwa tena, darasa zima linacheka. Mwalimu naye ni binadamu, atadhani anadhihakiwa. Kuna watoto wamechapwa kwa jambo hili, wakaambiwa wana dharau, na hawakuweza kujitetea kwa sababu wakisimama mbele ya mwalimu kwa hofu uso unazidi kucheza. Nenda mapema, kabla halijatokea. Mwombe mwalimu wa darasa dakika chache baada ya vipindi, umwambie: mwanangu ana tiki, hafanyi kusudi, naomba usimsemeshe kuhusu hilo mbele ya wenzake. Mwombe amkalishe pembeni au nyuma kidogo, ili darasa zima lisiwe linamtazama, ilimradi anaona ubao. Akibanwa sana aruhusiwe kutoka kunywa maji na kurudi. Walimu wengi wakielezwa kwa heshima hugeuka kuwa walinzi wa mtoto. Akitokea asiyeelewa, nenda kwa mwalimu mkuu, na ujue haki ya mwanao: kanuni za viboko za mwaka 2002 zinaitaja adhabu hiyo kwa utovu mkubwa wa nidhamu tu, isizidi viboko vinne, na itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Kupepesa macho si utovu wa nidhamu, mdogo wangu, na hiyo uitamke bila kutetemeka. Ustadhi wa madrasa mwambie vilevile, na mwalimu wa watoto kanisani.

Wenzake watamwiga, hilo halina budi. Kaka zake ndio watakuwa wa kwanza, tena chakulani. Hapo ndipo ukali wako una kazi. Wakataze wao, si yeye, na uwakataze wakati yeye hayupo. Yeye mwenyewe mpe jibu fupi la kuwajibu wa shule, alishike kichwani: "Misuli yangu inacheza yenyewe, haiumi." Mtoto mwenye jibu hasumbuliwi sana, kwa sababu wachokozi wanatafuta yule anayelia.

Nyumbani nakuomba mambo machache, na la kwanza ni usingizi. Huku kwetu mtoto wa miaka sita analala saa nne, saa tano, kwa sababu tamthilia haijaisha na chumba ni kimoja. Mwisho wa wiki kuna kigodoro mtaani, spika zinapigwa hadi alfajiri. Kigodoro huwezi kukizima, najua. Televisheni yako unaweza. Simu unayompa na vibonzo ili wewe upike, unaweza kuichukua mapema. Mtoto wa umri huo anahitaji saa tisa hadi kumi na mbili za usingizi kwa siku, na anayepanda gari la shule saa kumi na moja alfajiri hazipati hata kidogo akilala saa tano. Kama shule iko mbali kiasi hicho na tuisheni inamrudisha gizani, kaa na shemeji mlitazame upya. Sisemi mhamisheni kesho, nasema mlitazame. Darasa la kwanza na tuisheni ya kila jioni, ya nini hasa?

La pili, na hili nalisema polepole kwa sababu najua linauma: ugomvi wenu. Ukuta wa chumba cha kupanga hauzuii sauti. Mtoto anayelala akisikiliza baba na mama wakirushiana maneno ya kodi na ya mwanamke mwingine anaamka na mwili uliojaa. Sijasema ugomvi ndio ulioleta tiki, na usijibebeshe mzigo huo. Watoto wa nyumba zenye amani tele nao wanayo. Ila ugomvi unaiongezea moto. Kagombaneni barazani akiwa shuleni.

Kisha, uifanye tiki kama haipo. Isiguse macho yako. Akiguna, endelea na hadithi yako. Bega likiruka, mpe kikombe chake cha uji. Mwanzoni utaona unamtelekeza, lakini huko ndiko kumtunza. Kama yeye mwenyewe akikuuliza, mjibu kweli kwa maneno ya kwake, umwambie watoto wengi wanayo, halafu mwondoe hapo, mwambie akuletee daftari uone alivyochora.

Sasa, sitaki utoke hapa ukidhani kila mtikisiko ni tiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa hiyo zishike dalili hizi. Macho yanayopepesa na huku yanawasha, mekundu, anayafikicha, yanatoa ute, hayo ni macho yenyewe: mzio na vumbi la barabara zetu, au haoni vizuri ubaoni. Mpeleke akapimwe macho, CCBRT pale Msasani au hospitali yoyote yenye kliniki ya macho. Kila mtoto anayepepesa ningependa apitie hapo kwanza, maana ni rahisi kutibu na ni kosa kuikosa.

Kifafa nacho kina namna ambayo haiangushi mtoto. Anakatika katikati ya sentensi, anakodoa, kope zinacheza, unamwita hasikii, sekunde chache baadaye anaendelea kama hakuna kilichotokea. Tiki haimwondoi mtoto mahali alipo. Anapepesa huku anakujibu. Kwa hiyo mwite jina na umpe swali. Asipojibu, tena ikijirudia, nenda hospitali. Na kama mtoto ni mkubwa kidogo, amelelewa kwa bibi kule Mahenge mkoani Morogoro, na kichwa kinamwangukia mbele mara kwa mara hasa anapokula, usingoje. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliwaona watoto wa namna hiyo Mahenge tangu miaka ya 1960, na hali hiyo imeonekana pia kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, sehemu zenye ugonjwa wa usubi. Ile ni aina ya kifafa, ina dawa zake.

Jingine ambalo watu hawalijui na ambalo kwa nchi yetu lina uzito. Mtoto, mara nyingi wa miaka mitano hadi kumi na mitano, na zaidi wasichana, anaanza kuchezacheza mikono na miguu bila mpangilio. Hairudii kitu kimoja kama tiki. Mwili mzima unahangaika. Anadondosha kikombe. Mwandiko uliokuwa mzuri umeharibika. Analia bila sababu. Ukikumbuka nyuma, miezi michache iliyopita aliumwa koo, mafindofindo, mkamwacha akapona mwenyewe. Hiyo inaweza kuwa homa ya baridi yabisi, na homa hiyo hushambulia vali za moyo kimyakimya. Mpeleke upesi, asikilizwe moyo. Watoto wa hali hii huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi Muhimbili mwaka 2015, inahudumia wengi ambao moyo uliharibika kwa sababu koo halikutibiwa mapema.

Na kama shingo imejipinda na macho yamegeukia juu ghafla, siku ileile au siku mbili baada ya kupewa dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Plasil, usiite mganga wala usimwage maji ya baraka. Kimbia hospitali na pakiti ya dawa mkononi. Inatibika haraka.

Ukiondoa hizo, tiki ya kawaida inahitaji daktari ikiwa imepita mwaka, au inamuumiza shingo, au inamzuia kusoma na kula, au amekuwa mnyonge. Wale wenye mchezo wa misuli zaidi ya mmoja pamoja na sauti, kwa zaidi ya mwaka, hali yao inaitwa ya Tourette, kwa jina la daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette aliyeandika habari za wagonjwa tisa mwaka 1885. Mmeona kwenye video watu wakitukana hovyo mkadhani ndiyo yenyewe. Wanaotukana ni wachache miongoni mwao. Mara nyingi kinachomsumbua zaidi mtoto wa hivyo ni vile vinavyoandamana nayo, kutotulia darasani, au kulazimika kugusa na kuhesabu vitu mpaka aridhike. Mweleze daktari hayo pia, yana msaada wake. Tiki huwa kali zaidi kwenye umri wa miaka 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua kadiri ujana unavyosonga. Dawa zipo kwa wachache wanaozihitaji, na yapo mazoezi ambayo mwanasaikolojia humfundisha mtoto, ya kuutambua msukumo unapokuja na kuupa mwili kazi nyingine.

Shemeji kama ni mtu wa mpira, mkumbushe Tim Howard, kipa wa Marekani aliyedakia Manchester United kuanzia mwaka 2003, kisha Everton. Ana Tourette tangu utotoni. Uso ulicheza, mabega yalicheza, mashabiki wakimtazama, na Kombe la Dunia la 2014 dhidi ya Ubelgiji alizuia mashuti hadi wapinzani wakamvulia kofia. Baba wengi nimeona wakilainika kwa habari hiyo kuliko kwa maelezo yote ya daktari.

Basi anza zahanati au kituo cha afya cha karibu, wakuandikie rufaa ya Temeke au Mwananyamala au Amana, kutegemea unakoishi, na wakiona haja watakupeleka Muhimbili, ambako kuna madaktari wa watoto na wa afya ya akili. Neno hilo "akili" lisikutishe ukarudia mlangoni. Kukaa kwenye benchi lile hakumfanyi mwanao kichaa. Kabla hujaenda, mpige video fupi kwa simu bila yeye kujua, kwa sababu mbele ya daktari huenda asipepese hata mara moja na wewe ukaonekana mzushi. Usiirushe kwenye kundi la familia. Andika ilianza lini, imehamia wapi, analala saa ngapi, alipewa dawa gani. Na ukiingia chumbani kwa daktari, mwombe mtoto asubiri nje na dada yake wakati unaeleza.

Leo jioni akirudi, mvue viatu, muulize wamecheza nini.